Je, Wajua? Mpira wa Gofu Hutii Uso wa Fimbo

Lubumbashi ina kartie nzima inayoitwa Golf, jina lililotokana na uwanja wa mchezo huo. Hapo, kama ilivyo Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, wengi wanaocheza kwa kujifurahisha wamejifunza kwa mdomo: rafiki kamfundisha rafiki, kedi, yaani mbeba fimbo, kamsahihisha bosi wake. Njia hiyo imezaa wachezaji wazuri, lakini pia imerithisha imani ambazo kamera za kasi na rada zimezipima na kuzikuta na kasoro. Anayezijua kasoro hizo anaweza kupunguza mapigo yake bila kununua fimbo mpya.

Je, wajua kwamba fimbo hugusana na mpira kwa takriban sekunde 0.0005 tu?

Kabla mkono haujaupelekea ubongo habari ya mguso huo, mpira umekwisha ondoka. Hata safari ya fimbo kutoka juu hadi kwenye mpira huchukua takriban robo ya sekunde. Kwa hiyo jaribio la kuurekebisha uso wa fimbo wakati wa kugonga ni kazi bure. Kinachoamua pigo ni yale yaliyotangulia: ulivyoishika fimbo, ulivyosimama, na ulivyouzungusha mwili ukienda nyuma. Ukitaka kusahihisha pigo lako, anzia huko.

Je, wajua kwamba ili mpira upae, fimbo ya chuma hutakiwa kushuka?

Huenda hili ndilo kosa linalowagharimu zaidi wanaoanza. Mchezaji huona mpira uko chini, naye anataka uende juu, basi huegemea nyuma na kujaribu kuuchota. Matokeo yake fimbo huchimba ardhi kabla ya kuufikia mpira, au huupiga mpira kichwani ukatambaa. Wachezaji wa kulipwa wa Marekani, wakipiga chuma namba 7, fimbo yao huwa inateremka kwa nyuzi 4 hivi inapogusa mpira. Kazi ya kuunyanyua imeshafanywa na fundi aliyeulaza uso wa fimbo. Mpira hupanda huku ukijizungusha kinyumenyume karibu mara 7,000 kwa dakika, na kipande cha majani hung'oka mbele ya pale mpira ulipokuwa.

Je, wajua kwamba mpira huanza safari ukielekea zaidi pale uso wa fimbo ulipotazama?

Kwa miaka mingi vitabu vilifundisha kwamba mpira huanza kwa kufuata njia ya fimbo. Vipimo vya rada, kama zile za kampuni ya TrackMan iliyoanzishwa Denmark mwaka 2003, vilionyesha kwamba uso wa fimbo ndio wenye sauti kubwa, kwa draiva, fimbo ya mapigo marefu, zaidi ya asilimia 80. Tofauti kati ya uso na njia ndiyo inayoupinda mpira angani.

Hapo ndipo ilipo siri ya mpira unaokimbilia kulia kwa anayetumia mkono wa kulia. Akiuona unapinda, hulenga zaidi kushoto. Njia ya fimbo nayo inahamia kushoto, uso unabaki wazi, tofauti inaongezeka, na mpira unapinda kuliko mwanzo. Dawa ni kuanza na mshiko. Tazama mkono wa kushoto ulipoishika fimbo: ukiona fundo moja tu la vidole au usione hata moja, uzungushe mkono kidogo kuelekea kulia hadi uone mawili au matatu. Baada ya hapo ndipo ushughulikie njia.

Je, wajua kwamba bingwa wa kupiga moja kwa moja alikuwa na kiwiko kisichonyooka?

"Nyosha mkono wa kushoto!" ni amri inayosikika kila uwanja. Calvin Peete, Mmarekani mweusi, alivunjika kiwiko cha kushoto utotoni alipoanguka kutoka mtini, na hakikunyooka tena maishani. Alianza gofu akiwa na umri wa miaka 23. Hata hivyo, kuanzia 1981 hadi 1990 aliongoza kila mwaka kwa usahihi wa kuufikisha mpira kwenye njia kuu ya majani mafupi (fairway) katika ligi ya kulipwa ya Marekani, na akashinda mashindano 12. Mkono ulionyooka kiasi husaidia. Mkono uliokakamaa hukaza bega na kuua kasi.

Je, wajua kwamba Annika Sörenstam alikuwa ameshaacha kuutazama mpira alipokuwa anaugonga?

Mswidi huyu alishinda mashindano makubwa 10, na mwaka 2001 alimaliza mashimo 18 kwa mapigo 59. Picha zake zinaonyesha kichwa kikigeuka kuelekea lengo hata kabla fimbo haijaupita mpira. Anayekaza shingo ili kichwa kibaki chini huzuia kifua kugeuka, na mikono hubaki kufanya kazi peke yake. Mara nyingi pigo linaposemwa limeharibika kwa sababu "umeinua kichwa", kilichoinuka kwanza ni kiwiliwili chote.

Je, wajua kwamba kedi wa Durban alishinda Ulaya akiwa ameishika fimbo kinyume?

Papwa Sewgolum, Mwafrika Kusini mwenye asili ya Kihindi, aliweka mkono wa kushoto chini ya wa kulia, kinyume cha kila kitabu. Alishinda mashindano ya wazi ya Uholanzi mwaka 1959, 1960 na 1964. Aliposhinda Natal Open mwaka 1963, sheria za ubaguzi zilimzuia kuingia ndani ya klabu, akakabidhiwa kombe nje kwenye mvua. Miaka miwili baadaye alishinda tena, safari hii akimwacha nyuma bingwa maarufu Gary Player. Heshima anayostahili ni kubwa kuliko aliyopewa, na kila kedi wa Afrika anayejifunza kwa kutazama anapaswa kulijua jina lake.

Je, wajua kwamba nguvu bila mpangilio haifiki mbali?

Mwaka 2004 John Novosel alichapisha vipimo vya wachezaji bora: muda wa kupeleka fimbo nyuma ulikuwa takriban mara tatu ya muda wa kuishusha, awe mchezaji wa haraka au wa polepole. Kasi hupandishwa kwa zamu, nyonga zikitangulia, kiwiliwili kikifuata, kisha mikono, na fimbo mwisho. Anayeanza na mikono huimaliza kasi yake kabla ya kuufikia mpira.

Je, wajua kwamba jiji la Lubumbashi na sayansi ya mpira wa gofu vina mwaka mmoja wa pamoja?

Mwaka 1910 Wabelgiji walianzisha Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Mwaka huohuo, huko London, J. J. Thomson, mgunduzi wa elektroni, alitoa mhadhara kuhusu mwendo wa mpira wa gofu. Alieleza jinsi mzunguko wa kinyumenyume unavyoubeba mpira hewani. Vishimo vilivyo juu ya mpira navyo hupunguza ukinzani wa hewa: mpira laini usio navyo hufika takriban nusu ya umbali.

Je, wajua kwamba hewa ya Lubumbashi huurefusha mpira?

Jiji liko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi. Pigo la mita 200 pale Dar es Salaam huweza kufika karibu mita 209 hapa. Wengi pia husema hewa yenye unyevu ni nzito. Ukweli ni kwamba mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa kavu. Wakati wa masika kinachofupisha pigo ni ardhi iliyolowa, isiyouacha mpira ubingirike. Asubuhi za baridi za Juni na Julai nazo zina lao: hewa huwa nzito zaidi, na kiini cha mpira hupoteza uwezo wa kuruka. Kiini hicho ni raba iliyokazwa kwa kampaundi ya zinki, madini yaleyale yanayochimbwa Kipushi, kilomita 30 hivi kutoka mjini.

Je, wajua kwamba mstari mmoja ardhini unaweza kukupima?

Kwenye eneo la mazoezi, chora mstari mnyoofu kwenye udongo. Simama mstari ukiwa katikati ya miguu yako, kisha piga kwa chuma namba 7 bila kuweka mpira. Tazama alama iliyochimbika. Ikianza nyuma ya mstari, uzito wako umebaki mguu wa nyuma. Uhamishie mguu wa mbele mapema zaidi, kifua kigeukie lengo, kisha upige tena. Alama ikianza kwenye mstari au mbele yake mara kadhaa mfululizo, weka mpira juu ya mstari na upige vilevile.