Pacha wa Ketusi: Tungamo Moja, Tabia Mbili

Saa tatu au saa nne usiku mwezi wa Novemba, mtu aliyeko Mtwara, Songea au Lubumbashi akitazama karibu na utosi wa anga ataiona Tau Ceti, nyota ya wastani katika kundinyota la Ketusi. Akinyosha mkono, kisha akasogea upana wa kidole au viwili kuelekea kusini, atakuwa ameelekeza macho mahali zilipo nyota mbili ambazo ni jirani zaidi kuliko hiyo anayoiona. Tau Ceti iko umbali wa miaka ya mwanga 12 hivi. Hizi mbili ziko kama 8.7 tu. Lakini hataona kitu. Mwanga wao ungepaswa kuongezeka mara mia kadhaa ndipo jicho tupu lizipate.

Kwa pamoja zinaitwa Luyten 726-8. Moja ni BL Ceti, nyingine UV Ceti. Jina Luyten ni la Willem Luyten, Mholanzi aliyezaliwa Semarang, katika Indonesia ya leo, mwaka 1899, akafanya kazi miaka mingi Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani. Alikuwa akilinganisha picha za anga za zamani na za baadaye, zikiwemo zilizopigwa Bloemfontein, Afrika Kusini, akitafuta nyota zilizohama. Luyten 726-8, aliyoigundua 1948, ilikuwa inahama kwa kasi isiyo ya kawaida: kwa miaka 530 hivi inavuka upana mzima wa Mwezi mpevu. Nyota hafifu inayokwenda mbio kiasi hicho aghalabu huwa jirani.

Bahati yetu ni kwamba ziko mbili. Nyota iliyo peke yake inaweza kupimwa mwanga, rangi na joto, lakini tungamo lake hubaki jambo la kukisia kwa kutumia nadharia. Zikiwa mbili zinazozungukana, mvuto wenyewe unakuwa mizani. Kwa Luyten 726-8, mzunguko mmoja huchukua miaka 26.5, na wastani wa umbali kati yao ni kama mara 5.5 ya umbali wa Dunia na Jua. Chukua hiyo 5.5, izidishe kwa yenyewe hadi ziwe tatu: unapata 166. Chukua 26.5, izidishe kwa yenyewe: 702. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, jibu ni karibu 0.24. Hilo ndilo tungamo la nyota zote mbili kwa kipimo cha Jua, na hesabu yenyewe inatokana na kanuni ya Kepler, mwanaanga wa karne ya 17. Sijui hesabu nyingine katika sayansi ya anga inayotoa mengi hivi kwa jasho dogo hivi.

Jasho lipo kwenye kupata zile namba mbili. Njia yao si duara bali yai lililorefuka: huweza kukaribiana hadi mara mbili ya umbali wa Dunia na Jua, kisha zikaachana hadi karibu mara tisa, umbali unaokaribia ule wa Zohali na Jua. Tangu 1948 zimezungukana karibu mara tatu tu, kwa hiyo kizazi kimoja cha wapimaji hukiachia kingine kazi.

Ile 0.24 inagawanyika karibu nusu kwa nusu. Kila nyota ina takribani asilimia 12 ya tungamo la Jua, si mbali na kikomo cha asilimia 8 ambacho chini yake gesi haiwezi kudumu ikiunganisha haidrojeni kuwa heliamu. Ni nyota vibete vyekundu, zenye joto la usoni la kelvini 2,700 hadi 2,800, ilhali Jua lina karibu 5,800. Mwaka 2016 vilichapishwa vipimo vya darubini za Paranal, Chile, zikifanya kazi kwa kuunganishwa: kipenyo cha kila moja ni kama asilimia 16 ya cha Jua. Tungamo hilo ndani ya umbo dogo hivyo linatoa densiti ya wastani ya takriban mara mbili ya dhahabu. Na bado ni gesi!

Umaarufu wao, hata hivyo, umetokana na hasira. Mwaka 1952 UV Ceti iliongezeka mwangaza mara 75 ndani ya sekunde 20, kisha ikarudi ilivyokuwa. Mistari ya uga sumaku inayosokotwa na gesi inayochemka hukatika na kuungana upya, na nishati hutoka kwa kishindo. Jua nalo hufanya hivyo, lakini njiti ya kibiriti uani saa sita mchana haimshtui mtu. Iwashe ndani ya chumba chenye giza. Mimweko ya UV Ceti ilinaswa hata kwa redio, na Bernard Lovell na wenzake huko Jodrell Bank, Uingereza, na leo kundi zima la nyota za tabia hii linaitwa kwa jina la UV Ceti.

Hapa ndipo pacha hawa wanapowasumbua wataalamu. Tungamo lao ni karibu sawa, zimezaliwa pamoja, na kila moja hujizungusha kwa saa zisizozidi sita. Kwa nadharia zingefanana. Uchunguzi wa 2017 ulionyesha kwamba UV Ceti ina uga sumaku wenye nguvu uliojipanga vizuri kuzunguka mhimili, huku wa BL Ceti ukiwa dhaifu zaidi na wa ovyo. Proxima Centauri, nyota iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya Jua, nayo ina tungamo hilo hilo, ila huchukua takriban miezi mitatu kujizungusha mara moja.

Kwa hiyo ukisoma gazetini kwamba imepatikana sayari iliyo kama Dunia ikizunguka kibete chekundu, usiishie kuuliza kama ina joto la kuweka maji. Uliza kwanza nyota yake humweka mara ngapi; tungamo peke yake halitakujibu.