Dishi Juu ya Paa na Waya Wake wa Ardhini

Mtu apitaye leo Mikindani, Mtwara, hata Msimbati karibu na mlango wa mto Ruvuma, huona juu ya mapaa mengi chombo mfano wa sahani kubwa kilichoelekezwa mbinguni. Ndilo dishi, lipokealo picha na sauti kutoka setilaiti iliyo kilometa 36,000 hivi juu ya ikweta. Wengi hulikaza barabara lisiangushwe na upepo wa kusi. Lakini ni wachache waulizao kama limeunganishwa na ardhi.

Swali hili si dogo. Katika majira ya mvua, tangu Desemba mpaka Aprili, radi nyingi hupiga pwani hii. Hata ikipiga mnazi wa jirani, radi huweza kutia nguvu ya umeme katika dishi na waya wake, na nguvu hiyo hutafuta njia ya kwenda ardhini. Usipoipa njia nje ya nyumba, itaingia ndani, ipite katika king'amuzi na televisheni, na labda katika mwili wa mtoto aliyevishika. Tena iko hatari ya pili isiyongoja mvua: chombo kibovu huweza kuvujisha umeme wa nyumba, volti 230, mpaka kwenye dishi, na mtu aligusaye juu ya paa akatupwa chini.

Dawa yake ni hii. Kwanza, fundi apigilie ardhini fimbo ya shaba, au ya chuma iliyopakwa shaba, yenye urefu wa meta mbili na zaidi. Mchanga mkavu haupitishi umeme vizuri. Basi achague mahali penye unyevu. Akikutana na mwamba wa matumbawe, achimbe mfereji na kuulaza waya mrefu wa shaba ndani yake.

Pili, nguzo ya dishi iunganishwe na fimbo hiyo kwa waya mnene wa shaba, usiopungua milimeta za mraba 16. Waya upite nje ya ukuta, uwe mfupi, wala usikunjwe kwa pembe kali, kwa maana radi haipendi kona.

Tatu, waya wa dishi nao, kabla haujaingia nyumbani, ule wavu wake wa nje ufungwe katika kiungo cha chuma kilichounganishwa na ardhi.

Nne, na hapa ndipo wengi wakoseapo, fimbo ya dishi iunganishwe na ile ya umeme wa nyumba. Sababu yake ni hesabu tu. Radi ya ampea 10,000 ikipita katika ardhi yenye ukinzani wa omu 20, fimbo hupanda mpaka volti 200,000. Ikiwa fimbo ya pili imesimama peke yake, tofauti hiyo yote itavukia katika televisheni yako. Zikiunganishwa, hupanda na kushuka pamoja.

Hewa yetu ya chumvi nayo ni adui. Shaba ikigusana na bati au alumini penye unyevu wa bahari, chuma hicho huliwa upesi. Tumia viungo vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, uvikague kila mwaka kabla ya mvua. Nondo tupu usiitumie, maana kutu itaila.

Lakini msidanganyike: waya wa ardhini hauzuii radi ipigayo dishi lenyewe. Mawingu yakianza kutanda, chomoa waya wa umeme na waya wa dishi. Ukiona umeme, hesabu sekunde mpaka ngurumo. Kila sekunde tatu ni kilometa moja. Zikiwa chini ya 30, radi i karibu: kaa ndani, usiguse waya wowote.

Kazi hii mpe fundi aijuaye, naye azime umeme kwanza. Fimbo na waya hununuliwa tena, mtu hanunuliwi.