Penzi Moja kwa Lugha Nne (Sehemu ya Pili)

Mwimbaji Mhispania Julio Iglesias alikuwa mlinda lango chipukizi katika klabu ya Real Madrid hadi ajali ya gari ya mwaka 1963 ilipomlaza kitandani na kumfungia mlango wa soka. Gitaa alilopewa ili kuvizoesha vidole vyake likamfungulia mlango mwingine. Mwaka 1980 alitoa albamu ya Hey!, na wimbo wenye jina hilo, baada ya kurekodiwa kwa Kihispania, akauimba upya kwa Kiitaliano, Kireno na Kifaransa. Wafaransa waliuziwa kwa jina jingine kabisa. Kufikia 1983, kitabu cha rekodi cha Guinness kilimtunukia santuri ya almasi kwa kuuza kazi nyingi kwa lugha nyingi kuliko mwanamuziki yeyote aliyemtangulia.

Siri yake ilikuwa utepe. Studio za wakati ule zilirekodi kila chombo kwenye njia yake: ngoma kivyake, vinanda kivyake, sauti kivyake. Toleo la Kireno lilipohitajika, sauti ya mwimbaji pekee ndiyo iliyorekodiwa upya. Orkestra nzima ilibaki kama ilivyo, na gharama yake ikalipwa mara moja tu. Kazi ngumu ilimwangukia mtunzi wa maneno. Silabi zilipaswa kuenea kwenye mahadhi, na mkazo uangukie penye pigo zito, kwa hiyo mara nyingi aliitupa maana ya awali na kuandika penzi jipya ndani ya sauti ile ile. Mshairi wa Kiswahili aliyezoea kuhesabu mizani anajua vizuri jasho hilo.

Biashara ya namna hiyo huigawa dunia kwa masoko. Magharibi mwa Kenya mgawanyo ni mwingine. Atakayesafiri kwa matatu kutoka Kitale, apite Kiminini, Kamukuywa na Webuye hadi Bungoma, atakuta lugha zimegawanywa kwa shughuli. Msimu wa tohara unapowadia, Agosti ya mwaka wa namba shufwa, wimbo wa tohara wa Sioyaye huimbwa kwa Kibukusu, na hakuna anayedai itafsiriwe. Litungu, kinubi cha Wabukusu, nalo husimulia mambo ya ukoo kwa lugha ya ukoo. Kitale yenyewe ni mji wa Wabukusu, Wasabaot, Wapokot na Waturkana, pamoja na Wakikuyu na Wakisii walioletwa na mashamba. Kijana anayembembeleza msichana wa jirani hapo hana budi kutumia Kiswahili.

Wapiga gitaa wa Magharibi mwa Kenya waliligundua hilo mapema. George Mukabi wa Kisa, bingwa wa mtindo wa gitaa wa omutibo aliyefariki mwaka 1963, alikuwa Mluhya, lakini wimbo wake wa Kiswahili, Sengula Nakupenda, ulieleweka hata kwa wasiojua Kiluhya. Baada yake akaja Daudi Kabaka, mwana wa familia ya Vihiga aliyezaliwa Uganda, aliyeitwa mfalme wa twist. Katika bendi ya Equator Sound, jijini Nairobi, alipiga pamoja na Fadhili William wa Taita, na Nashil Pichen na Peter Tsotsi waliotoka Zambia. Bendi hiyo peke yake ilikuwa na lugha za mama za kutosha kujaza albamu kadhaa, lakini kwenye santuri walikutana katika Kiswahili.

Hapo ndipo njia inapoachana na ile ya Iglesias. Helule Helule ya Kabaka iliwafikia The Tremeloes wa Uingereza, wakaitilia maneno ya Kiingereza, na mwaka 1968 ikapanda hadi nafasi ya 14 katika chati za huko. Mhispania alivuka mpaka wa lugha mwenyewe, na sauti yake, na uso wake kwenye jalada. Helule ilivuka peke yake. Aliyeiimba kwanza alibaki Kenya, na wasikilizaji wa London walimjua mwimbaji mwingine.

Malaika, wimbo wa mapenzi wa Kiswahili, ina mkasa mzito zaidi. Miriam Makeba na Harry Belafonte waliiweka kwenye albamu yao ya 1965, iliyopata tuzo ya Grammy. Boney M wakaichukua mwaka 1981. Wageni wengi waliiacha katika Kiswahili, jambo ambalo Hey! haikuruhusiwa. Huenda irabu zilisaidia: Kiswahili kina tano, zilizo wazi, na Kihispania kina tano hizo hizo, ndiyo maana vijana wa Kitale waliokulia kwenye tamthilia za Mexico waliziimba nyimbo za kufungulia kwa Kihispania, ingawa mazungumzo yalikuwa yametiwa Kiingereza. Lakini wimbo usiobadilishwa lugha haumaanishi kwamba mwenyewe anajulikana. Fadhili William ndiye aliyeutangaza kwa santuri. Wengine humtaja Adam Salim wa Tanzania kuwa mtunzi, wengine Grant Charo. Ubishi huo haukuisha William alipofariki mwaka 2001, mwaka ambao Kabaka pia aliaga dunia.

Sehemu ya tatu itachukua Jambo Bwana ya Them Mushrooms, iliyotoka Pwani mwaka 1982, na toleo la Boney M lililofuata mwaka mmoja baadaye.