Fahamu: Kisiwa cha Jersey kinavyosaka fedha chafu

Jersey ni kisiwa kidogo karibu na pwani ya Ufaransa, chenye wakazi wapatao 100,000. Kiko chini ya Mfalme wa Uingereza, lakini kina bunge, mahakama na polisi wake. Kwa kuwa ni kituo kikubwa cha fedha, mali iliyoibwa mbali huweza kufichwa huko.

Uchunguzi huanzaje?
Benki au kampuni inayosimamia mali za wateja ikishuku muamala, sheria inailazimu kutoa taarifa kwa kitengo cha upelelezi wa fedha. Wapelelezi hufuatilia nyaraka hadi wamjue mmiliki halisi aliyejificha nyuma ya kampuni. Mahakama inaweza kuzuia mali hiyo isihamishwe.

Kenya inahusikaje?
Mwaka 2016, kampuni ya Windward Trading, iliyosajiliwa Jersey, ilikiri mashtaka manne ya utakatishaji fedha. Ilikuwa imepokea hongo kutoka kwa kampuni zilizopata kandarasi za shirika la umeme la Kenya. Mahakama ikataifisha zaidi ya pauni milioni 3. Mwaka 2022, yalitiwa saini makubaliano ya kuzirejesha Kenya ili zisaidie kupambana na UVIKO-19.

Mbona huchukua miaka mingi?
Ushahidi hutawanyika katika nchi kadhaa, na kila ombi la msaada wa kisheria hupitia ngazi zake. Ndiyo maana serikali zetu hazina budi kuomba ushahidi mapema na kuandaa majalada imara. Zikizembea, mwizi ndiye hufaidika, na mwananchi hulipa gharama.