Kilo: Namna ya kutambua fundi wa kweli wa ekilibraji

Volani inatetemeka gari ikifika kilometa 80 kwa saa? Mara nyingi uzito wa gurudumu hauko sawa pande zote. Ukiacha hivyo, mpira unaisha mapema.

Kwa shofere anayetoka Kilo kuelekea Bunia, tope lililokauka ndani ya janti linatosha kuleta shida hiyo. Ndiyo maana fundi wa kweli anaosha janti kwanza, anatoa vyuma vya uzito vya zamani, kisha anapima kwa mashine. Akisha kubandika vipya, anazungusha tena na kukuonyesha sifuri, upande wa ndani na wa nje. Akikukataza kuangalia, tafuta mwingine.

Lakini gari ikivuta upande mmoja, ekilibraji haisaidii: apime kwanza upepo wa mipira.