Usafi Unaoua Samaki

Wapo watu wanaosafisha chujio la tangi la samaki likang'aa kama sahani mpya, na baada ya siku mbili tatu wakawakuta samaki wao wanaelea. Lawama humwangukia muuza samaki. Wiki hii ninapenda tulitazame chujio lenyewe.

Ninaozungumza nao kati ya Tegeta na Bagamoyo hutumia chujio la mtungi uliofungwa, unaokaa chini ya tangi. Mpira mmoja hushusha maji machafu, mwingine huyarudisha. Ndani mna sponji na vipande vya kauri.

Wengi hudhani kazi yake ni kama ya chujio la chai, yaani kuzuia takataka. Hiyo ni nusu tu. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Katika sponji na kauri huishi bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, nayo ni sumu. Wengine huigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo ikiwa kidogo haina madhara makubwa. Bakteria hao huchukua wiki kadhaa kuongezeka na kutosha.

Maji ya bomba ya ukanda wetu hutoka mtambo wa Ruvu Chini, wilayani Bagamoyo, uliojengwa katika miaka ya 1970 na baadaye kupanuliwa hadi lita milioni 270 kwa siku. Hutiwa klorini ili kuua vijidudu vya maradhi, na hilo ni jambo jema kwetu. Lakini klorini haichagui. Ukisugua sponji chini ya bomba, unawaua wafanyakazi wako, na amonia inabaki bila wa kuishughulikia.

Basi fanya hivi. Chomoa umeme, kisha funga koki. Teka maji ya tangi kwenye ndoo, na humo kamua sponji na suuza kauri. Rangi ikibaki kidogo, iache. Usitie sabuni kamwe, wala usibadilishe vyote kwa mkupuo. Toa utelezi kwenye feni ndogo ya pampu. Futa mchanga kwenye mpira wa kifuniko na upake grisi ya silikoni, usije ukakuta sakafu imelowa. Kazi hii yatosha mara moja kwa mwezi au miwili, au maji yanapopungua kasi.

Liko na suala la umeme. Ukikatika kwa saa nyingi, hewa ndani ya mtungi huisha na bakteria huanza kufa. Umeme ukirudi, usiwashe papo hapo: fungua mtungi, mwaga maji yaliyooza, suuza kwa maji ya tangi, ndipo uwashe. Na maji ya kujazia, yalaze wazi kwenye ndoo siku nzima ili klorini ipungue.