Mtazame Anayesikiliza

Haya, kaeni vizuri. Walio nyuma wasogee mbele wapate kusikia. Viongozi wa vikundi, naomba mwandike maneno matatu ubaoni: mchezaji, maoni, ushahidi. Mchezaji ni yule anayejifanya mtu mwingine katika picha ya senema. Maoni ni vile uonavyo wewe mwenyewe juu ya jambo fulani. Ushahidi mnaujua: ni kile unachotoa mbele ya hakimu anapokuuliza, "Umejuaje?"

Leo tutazungumza habari za picha za zamani zilizotengenezwa Hollywood. Hollywood ni mtaa katika mji wa Los Angeles, nchi ya Marekani, na kwa miaka mingi makampuni makubwa ya senema yalikuwa huko na katika mitaa ya jirani. Nitawapeni maoni yangu juu ya wachezaji wachache. Hamlazimiki kukubaliana nami. Lakini kila nitakaposema kwamba fulani ni hodari, niulizeni kama yule hakimu.

Watu wengi tukitoka kutazama picha husema, "Lo, yule mchezaji ni fundi!" Ukituuliza kwa nini, tunajibu kwamba ana sura nzuri, au alimpiga adui yake, au mwisho wa hadithi alimwoa yule msichana. Sasa fikirini. Sura kapewa na Mungu. Kumpiga adui na kuoa kapewa na mtu aliyeandika hadithi. Kazi yake mwenyewe iko wapi?

Mimi nina njia yangu ya kuitafuta. Watu wawili wanapozungumza katika picha, macho yetu humfuata anayesema. Mwacheni huyo. Mtazameni anayesikiliza. Kusema maneno uliyoandikiwa ni kazi, sikatai. Lakini kusikiliza maneno uliyokwisha kuyajua tangu jana, na uso wako uonyeshe kwamba unayasikia sasa hivi kwa mara ya kwanza, hiyo ni kazi ngumu zaidi.

Chukueni picha iitwayo The African Queen, ya mwaka 1951. Hadithi yake ni ya huku kwetu, wakati wa Wajerumani, mwaka 1914 vita vilipoanza; lakini picha zenyewe zilipigwa Kongo na Uganda, na nyingine katika studio Uingereza. Humphrey Bogart ni fundi wa mashua, mtu mchafu kidogo na mpenda pombe. Katharine Hepburn ni dada wa mmisionari Mwingereza. Mwanzoni yule fundi anakaribishwa chai na mmisionari na dada yake. Wamekaa kwa adabu, vikombe mkononi. Mara tumbo la fundi linanguruma. Linanguruma tena, kwa nguvu zaidi. Yeye anajaribu kulisemea udhuru. Kila mtu anayetazama anacheka, na anadhani anachekeshwa na tumbo. Sivyo. Watazameni mmisionari na dada yake. Wamesikia, na wanaendelea na chai yao kama watu wasiosikia kitu. Wao ndio wanaotuchekesha. Tumbo peke yake ni kelele tu.

Hepburn aliandika baadaye kwamba mwongozi wa picha ile, John Huston, alimshauri amkumbuke Eleanor Roosevelt, mke wa Rais wa Marekani, jinsi alivyokuwa akiwatembelea askari majeruhi hospitalini huku akitabasamu. Basi ukimtazama Hepburn unaliona tabasamu lile: la mtu aliyeamua kutovunjika moyo. Bogart alipata tuzo ya Oscar kwa mchezo ule, mwaka 1952. Hepburn hakupata. Ningekuwa mimi mwamuzi, ningempa Hepburn kwanza, kisha Bogart. Ushahidi wangu ni ile meza ya chai.

Lakini siwezi kuisifu picha ile yote. Mwanzoni kabisa wako wanakijiji Waafrika kanisani, na uimbaji wao umefanywa kelele tupu, ili mtazamaji acheke. Kisha askari wanakuja, wanachoma nyumba na kuwachukua watu, na tangu hapo hatuulizwi tena walikwenda wapi. Hadithi inaendelea na Wazungu wawili na mashua yao. Je, nani aliyesikiliza kilio cha kijiji kile? (Na ile meli ya Wajerumani inayozamishwa mwisho wa hadithi inafananishwa na meli ya kweli ya Ziwa Tanganyika, Graf von Götzen. Hiyo haikulipuliwa na mashua. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, nayo ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Wazee wa Kigoma wanaijua vizuri kuliko Hollywood.)

Mtu mmoja aliyejua thamani ya uso kuliko wengi ni Charlie Chaplin. Senema zilianza kusema mwaka 1927, na katika miaka michache karibu kila picha ya Hollywood ilikuwa na maneno. Chaplin alikataa. Mwaka 1931 alitoa picha yake City Lights, ina muziki, lakini watu hawasemi. Maskini mmoja anampenda msichana kipofu muuza maua, anampatia fedha za kutibiwa macho, mwenyewe anafungwa. Msichana anapona. Siku moja anamwona maskini yule njiani, hamjui, anamhurumia na kumpa sarafu, na anapoushika mkono wake ndipo anapomtambua. Mkono ndio unaoutambua mkono. Tazameni uso wa msichana, Virginia Cherrill, unavyobadilika polepole. Kisha mtazameni Chaplin, amelishika ua karibu na mdomo, hajui kama atapendwa au atachekwa. Hakuna neno moja lililotamkwa pale, na msomi na asiyesoma wote wameelewa sawasawa.

Hiyo ndiyo iliyonipa shauri la kujaribu jambo katika darasa moja la kisomo. Tulikusanyika mbele ya televisheni, nikaweka picha iitwayo Gone with the Wind, ya mwaka 1939, nikazima sauti. Picha yenyewe ni ndefu, karibu saa nne, kwa hiyo nilichagua sehemu moja ya mwishoni. Mama mmoja Mweusi, mnene, anapanda ngazi ndani ya nyumba kubwa pamoja na bibi wa Kizungu. Mama anazungumza njia nzima, bibi anasikiliza. Basi. Hakuna vita, hakuna busu.

Mwanafunzi mmoja, mama wa makamo, ambaye kila siku huniambia, "Mimi, Mwalimu, sina maoni, sikusoma," alinyosha mkono kabla sijauliza swali. Akasema, "Hapo pana msiba wa mtoto."

Nikamwuliza, "Umejuaje?"

Akasema, "Anavyopanda. Miguu hiyo haichoki kwa ngazi. Na huyo mwenziwe anaogopa kufika juu."

Ndivyo ilivyo. Mtoto ameanguka kutoka juu ya farasi mdogo akafa, na baba yake amefungiwa na huzuni, hataki mtoto azikwe kwa sababu alikuwa akiogopa giza. Mama yule anamweleza bibi habari hizo huku wakipanda. Mwanafunzi wangu hajui Kiingereza, na sauti ilikuwa imezimwa. Nimesoma maandishi mengi ya waandishi wa senema juu ya sehemu ile, na sikuona aliyeieleza vizuri kuliko yeye.

Kisha akauliza swali ambalo sikulitazamia: "Yule mama ni nani pale nyumbani?"

Nikawaeleza. Hadithi ni ya jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 hadi 1865, na baadaye. Mama yule alikuwa mtumwa wa familia ile, na watumwa walipopewa uhuru yeye akabaki kuwa mtumishi wao. Picha inaonyesha watumwa kama watu walioridhika, wanaowapenda mabwana zao, na inasikitika kwamba siku zile zimekwisha. Darasa likanyamaza. Hapa pwani hatuhitaji kuelezwa utumwa ni nini. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na Bagamoyo bado ipo pale pale. Mzee mmoja akasema, "Basi picha hiyo ni ya uwongo, izime." Yule mama akamjibu, "Picha ya uwongo, lakini huyu analia kweli." Wakashindana mpaka muda wa somo ukaisha, nami sikuwakataza.

Mchezaji yule jina lake Hattie McDaniel. Wazazi wake wote wawili walizaliwa utumwani. Picha ilipofunguliwa kwa shangwe katika mji wa Atlanta, Desemba 1939, wachezaji Weusi hawakuhudhuria, kwa kuwa sheria za Georgia ziliwatenga Weusi na Weupe. Februari 1940 alipewa Oscar, Mtu Mweusi wa kwanza kuipata. Siku hiyo wachezaji wenzake walikaa pamoja. Yeye aliwekewa meza ndogo pembeni. Alipokufa mwaka 1952 alikuwa ameomba azikwe katika makaburi ya Hollywood, wakakataa, kwa sababu ya rangi yake. Akazikwa kwingine. Na katika miaka yake yote ya senema, karibu kila mara alipewa kazi ile ile ya kucheza mtumishi. Baadhi ya Weusi wenzake walimlaumu kwa kuikubali.

Maoni yangu? Mzee yule ana ushahidi, na mama yule ana ushahidi. Mimi naiona picha ile kuwa ya uwongo juu ya utumwa, na naziona ngazi zile kuwa mchezo bora kuliko wote niliotaja usiku huu. Siwezi kuliacha moja nikashika jingine. Wanaoniambia nichague nawaambia sijaweza.

Ilipita miaka 24. Mwaka 1964 Sidney Poitier akawa mwanamume Mweusi wa kwanza kupata Oscar ya mchezaji mkuu, kwa picha Lilies of the Field ya mwaka 1963. Ni picha nzuri, lakini mimi nawapeleka kwenye nyingine, In the Heat of the Night, ya mwaka 1967. Poitier ni askari mpelelezi kutoka mji wa kaskazini, anapeleleza mauaji huko Mississippi. Anakwenda na mkuu wa polisi wa pale, Mzungu, kumhoji tajiri wa mashamba ya pamba. Tajiri anakasirika kuulizwa maswali na Mtu Mweusi, anampiga kofi. Poitier hapo hapo anamrudishia. Kofi kwa kofi, katika sekunde moja.

Watu wote hukumbuka makofi yale. Ninyi mtazameni mkuu wa polisi, Rod Steiger. Tajiri anamwuliza atafanya nini, naye uso wake unasema kwamba hajui, wala hajapata kuona jambo kama hili maishani. Steiger alipata Oscar kwa picha hiyo mwaka 1968, na alistahili. Poitier hakutajwa hata miongoni mwa watano walioshindanishwa, na hilo mimi naliita kosa. Kisha rudisheni macho yenu nyuma. Yuko mtumishi mmoja, mzee Mweusi, ameleta vinywaji juu ya sinia. Amesimama, ameona. Hasemi neno. Mimi nilipomtazama huyo nilimkumbuka Hattie McDaniel pale kwenye meza yake ya pembeni.

Sasa kazi yenu. Mkipata picha yo yote juma hili, ya Hollywood au ya kwetu, zimeni sauti kwa dakika tano tu. Kila mmoja aandike katika daftari sentensi mbili. Ya kwanza ianze na neno "Nimeona", na ya pili ianze na "Kwa hiyo nasema". Anayeshindwa kuandika amwambie jirani yake, naye jirani aandike vile vile kama alivyoambiwa, bila kutengeneza. Viongozi wa vikundi, someni sentensi hizo kwa sauti, na msicheke maoni ya mtu kabla hamjasikia alichoona.

Yule mama wa darasani aliandika zake. Ya kwanza ilikuwa: "Nimeona miguu." Ya pili bado anaifikiria.

Tutakutana tena juma lijalo, saa hizi hizi. Kwaherini.